Hakuna aliyewafungia mlango: kumsoma upya J.G. Ballard

Kila teknolojia mpya inapotutia hofu, jina la J.G. Ballard hufufuka. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani na watu wakahudhuria misiba na harusi kwenye kioo cha simu, wasomaji wengi waliikumbuka hadithi yake fupi ya mwaka 1977: mume, mke na watoto wawili ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja, wamechumbiana, wameoana na wamelea kwa njia ya televisheni, na siku wanapothubutu kukutana uso kwa uso wanashambuliana hadi kumwaga damu. Sasa imeingia akili mnemba, kuna watu wanaoitakia programu ya simu usiku mwema kama mchumba, na riwaya yake ya High-Rise, iliyotoka mwaka 1975, imeshavuka nusu karne. Makala kuhusu mwandishi huyo Mwingereza zinamiminika tena, na neno linalorudiwa ni moja: nabii. Ballard aliona mbali. Ballard alituonya, hatukusikia.

Nadhani tunamsoma vibaya, na kosa lenyewe lina gharama. Nabii huona balaa likija kutoka mbele, likitukuta tumekaa zetu. Katika vitabu vya Ballard hakuna balaa la namna hiyo. Mashine zake hazimvamii mtu. Anachokiandika, kitabu baada ya kitabu kwa zaidi ya miaka 40, ni mtu mwenye elimu, kazi nzuri na akili timamu, anayekiona kitu kinachoyavuruga maisha yake, anakitazama vizuri, kisha anakifungulia mlango na kukikaribisha ndani. Swali lake lilihusu tamaa yetu: ni kiu gani tuliyokuwa nayo tangu zamani, ambayo barabara kuu, ghorofa, kamera na kioo vimekuja tu kuipa nafasi? Tukimfanya nabii tunaikwepa sehemu hiyo ya swali, ile inayotuhusu sisi wenyewe, na tunabaki na sehemu nyepesi ya kulaumu chombo.

Mtazamo huo haukuanzia vitabuni. James Graham Ballard alizaliwa Shanghai tarehe 15 Novemba 1930, baba yake akiwa meneja katika kampuni ya Kiingereza ya nguo. Walikuwa na nyumba kubwa, watumishi na dereva. Desemba 1941 Japan ilipoingia vitani na Marekani na Uingereza, maisha hayo yalikatika, na Machi 1943 familia nzima, baba, mama, yeye na dada yake mdogo, iliingizwa Lunghua, kambi ya raia wa kigeni iliyokuwa na watu karibu 2,000. Walibanana kwenye chumba kimoja kidogo hadi Agosti 1945. Katika tawasifu yake ya mwaka 2008 anasimulia alivyoingia utotoni kwenye kasino iliyotelekezwa, meza za kamari zimepinduliwa, na akaelewa kwamba huu uhalisia tunaouegemea ni kama mapambo ya jukwaani: unaweza kubomolewa saa yoyote. Hilo hunukuliwa sana. Linalorukwa ni jambo jingine alilolisema waziwazi, kwamba kambini, pamoja na njaa na maradhi, kwa sehemu kubwa alikuwa na furaha. Mvulana wa miaka 13 nyuma ya seng'enge, wazazi wake wameishiwa amri, utaratibu wa watu wazima umeporomoka, naye anajisikia huru. Sijui kumbukumbu nyingine ya mwandishi inayofungua vitabu vyake vizuri kama hiyo. Aliyeonja utamu wa ulimwengu kubomoka hawezi tena kuamini kwamba watu wote huogopa kubomoka.

Alipopelekwa Uingereza baada ya vita alikutana na nchi ya mvua na kimya ambayo hakuwahi kuizoea. Mwaka 1949 aliingia King's College, Cambridge, kusomea udaktari, akitaka kuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kwa miaka miwili alipasua maiti, akitenga msuli na mfupa, mshipa na mshipa, na hadi uzeeni alisema masomo hayo yalimjenga kuliko mengine. Kisha akaacha. Akajiunga na jeshi la anga na kupelekwa Kanada kwa mafunzo, akaacha tena, akafanya kazi kwenye jarida la kemia, na mwaka 1960 akahamia Shepperton, mji mdogo nje ya London, jirani na studio za filamu na si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka 1964 mkewe Mary alifariki ghafla kwa nimonia wakiwa likizoni Hispania. Ballard akabaki na watoto watatu, akawalea peke yake, akiandika kati ya kuwapeleka shule na kuwachukua. Alikaa katika nyumba ileile karibu miaka 50. Hii ndiyo picha ya mtu aliyeitwa mwandishi hatari kuliko wote Uingereza: mjane mwanamume anayekaanga soseji na kuandaa sare za shule, halafu anaketi mezani kuandika kwa mkono kurasa ambazo wachapishaji walizishika kwa hofu.

Tangu mapema alikuwa ametangaza anakokwenda. Mwaka 1962, katika jarida la New Worlds, aliwaambia waandishi wenzake wa bunilizi za kisayansi waachane na roketi na anga za mbali, wageukie anga la ndani ya binadamu, kwa kuwa sayari ngeni ya kweli ni moja tu, nayo ni Dunia. Maneno hayo yameshazoeleka kiasi cha kupoteza makali, lakini ukiyachukua kwa uzito yanabatilisha habari yote ya unabii. Aliyesema anakwenda ndani hakuwa akichungulia mbele.

Nitakaa na High-Rise, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo inayopotoshwa zaidi. Inaanza na Dk. Robert Laing, mhadhiri wa udaktari, ameketi kwenye roshani yake ghorofa ya 25 akila nyama ya mbwa na kutafakari yaliyotokea kwenye jengo lao kwa miezi mitatu iliyopita. Kisha tunarudishwa nyuma. Jengo lina ghorofa 40, nyumba 1,000, wakazi 2,000, supamaketi, benki, shule na mabwawa ya kuogelea. Ugomvi unaanzia kwenye vitu vya hovyo: chupa ya mvinyo inadondoka kutoka kwenye sherehe ya ghorofa za juu, watoto wa ghorofa za chini wanalaumiwa kuchafua bwawa, taka zinakwama kwenye bomba, umeme unakatika na mbwa wa mtu anakutwa amezama. Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga ya ghorofa anaujua ugomvi huu kwa harufu: pampu ya maji, ndoo ngazini, nani kaegesha wapi. Ballard alisimulia kwamba aliona mbegu ya kisa hicho katika jengo la likizo huko Hispania, ambako mpangaji wa chini alichoshwa na vipisi vya sigara vilivyokuwa vikidondoka kutoka juu, akaanza kuwawinda kwa kamera wanaovitupa. Kutoka hapo riwaya inapanda ngazi kwa ngazi: makundi ya koo kwa ghorofa, uvamizi wa usiku, lifti zilizotekwa, hadi mkazi mmoja, sonara, anaanguka kutoka juu kabisa na kufia juu ya gari lililoegeshwa. Mamia wanauona mwili. Hakuna anayepiga simu polisi.

Hapo ndipo pa kusimama. Simu zipo. Mlango mkubwa wa chini upo na haujafungwa. Asubuhi wanaume waliokesha wakipigania ngazi wanavaa suti na kwenda ofisini, wanakaa na wenzao mchana kutwa, na hawasemi neno. Jioni wanarudi kwa haraka kuliko siku zote. Wangeweza kuhama, wana pesa. Wengi wa wachambuzi waliiunganisha riwaya hii na maghorofa ya makazi ya umma ya Uingereza, na hasa Ronan Point, jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London lililobomoka ubavu tarehe 16 Mei 1968 baada ya mlipuko wa gesi na kuua watu wanne. Ni uhusiano wa juujuu. Ndani ya Ronan Point waliishi watu waliopangiwa nyumba na halmashauri. Ndani ya jengo la Ballard hakuna maskini hata mmoja: ni wanasheria, madaktari, marubani, watu wa televisheni, walionunua nyumba zao kwa hiari na kwa bei kubwa. Aliwaondoa maskini makusudi ili tusipate kisingizio cha dhiki. Walikuwa na kila kitu, na walichokitaka zaidi kilikuwa ruhusa ya kuacha kuwa waungwana.

Mwaka mmoja kabla yake, 1974, alikuwa amelijaribu wazo hilohilo kwa mtu mmoja. Katika Concrete Island, msanifu majengo Robert Maitland anapasukiwa tairi akitoka barabara ya juu ya Westway, London, na gari lake la Jaguar linatumbukia kwenye kipande cha nyika cha pembetatu kati ya barabara tatu. Maelfu ya magari yanapita juu yake. Anapunga mkono, hakuna anayesimama. Msomaji wa leo anakimbilia kusema: ndiyo, huo ndio upweke wa jiji la kisasa. Lakini soma hadi mwisho. Maitland anapata nguvu, anapata njia, na anajikuta akiahirisha kuondoka. Kisiwa kile kimekuwa chake. Ni mwenendo uleule wa Dk. Kerans katika The Drowned World ya mwaka 1962, ambaye London ikiwa imefunikwa na maji na misitu ya joto, wenzake wakirejea kaskazini kwenye usalama, yeye anaelekea kusini, kwenye jua litakalomuua.

Nawapa haki yao wanaomwita nabii, maana ushahidi wao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 1977 aliandika katika jarida la Vogue kwamba nyumba zetu zitakuwa studio za televisheni, kila mtu nyota wa maisha yake mwenyewe, na jioni tutaketi kutazama picha za siku yetu zikiwa zimechaguliwa na kompyuta iliyofundishwa kuturemba. Ukiisoma ukiwa na simu mkononi, nywele zinasisimka. Mwaka 1968 aliandika maandishi ya dhihaka kali kuhusu mvuto wa kimwili wa Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, akimchambua kama mwanasiasa ambaye sura yake kwenye televisheni ina kazi kubwa kuliko maneno yake; miaka 12 baadaye Reagan alichaguliwa rais. Na Kingdom Come ya mwaka 2006, yenye jengo kubwa la maduka kando ya barabara kuu, mashabiki wa michezo waliovalia msalaba wa Mtakatifu George na chuki kwa wahamiaji, wengi waliisoma upya baada ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016.

Hata hivyo, hesabu hii ina tundu mbili. Kwanza, huhesabiwa zilizopata tu. The Drowned World inatajwa kila mahali kama unabii wa mabadiliko ya tabianchi, ilhali ndani ya kitabu joto linaletwa na dhoruba za jua. Mkono wa binadamu haumo kabisa. (Kwa haki, riwaya yake ya ukame iliyofuata inahusisha taka za viwanda zilizotanda baharini na kuzuia mvuke, na hapo alikaribia zaidi. Lakini hiyo hainukuliwi sana.) Katika Hello America ya mwaka 1981 Marekani imehamwa na mashariki yake kugeuka jangwa. Mtu akipewa alama kwa kubahatisha, apunguziwe pia kwa alipokosa. Pili, na hili ndilo linalonikera, unabii unafuta hiari. Ukisema "aliona haya yakija", umeshasema yangekuja tu, kama masika. Ukirudi kwenye makala ile ya Vogue, utaona hazungumzii kampuni itakayotulazimisha kujirekodi. Anatuelezea sisi, tukiwa tumeketi sebuleni kwetu, tukijitazama kwa raha.

Kuna kambi ya pili inayosema kinyume kabisa, kwamba Ballard alikuwa mgonjwa, na kwamba riwaya kama Crash ni uchafu unaojificha nyuma ya sanaa. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo iliyopigiwa kelele kubwa. Crash, ya mwaka 1973, inahusu watu wanaopata msisimko wa kimapenzi kutokana na ajali za magari, na msimulizi wake amepewa jina la mwandishi mwenyewe, James Ballard. Msomaji wa mswada kwenye nyumba moja ya uchapishaji aliandika kwamba mwandishi huyu hawezi tena kusaidiwa na daktari wa akili, msichapishe. Filamu iliyotengenezwa na David Cronenberg ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1996, kisha magazeti ya Uingereza yakaanzisha kampeni ya kuipiga marufuku, na halmashauri ya Westminster ikaikataza isionyeshwe kwenye kumbi za eneo lake. Wasomaji wa Kiswahili tunaijua hukumu ya aina hii. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa madai ya kuharibu vijana. Baadaye ikaingia darasani, na vijana walioisoma wamekuwa walimu na wazazi.

Kasoro ya hoja ya ugonjwa ni kwamba Ballard alishaijaribu kwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Aprili 1970, kabla hajaandika Crash, aliweka magari matatu yaliyogongeka katika ukumbi wa sanaa London, New Arts Laboratory, chini ya taa za kawaida, bila maelezo. Magari kama hayo yalionekana kando ya barabara kila siku na hakuna aliyegeuza shingo. Humo ukumbini, usiku wa ufunguzi, wageni walilewa kupita kiasi na kuyamwagia mvinyo, na kwa mwezi mzima waliofuata walivunja vioo, wakang'oa vioo vya pembeni, wakayarushia rangi nyeupe. Kuna kitu kilikuwa kikisubiri kuruhusiwa. Ballard akaona amepata jibu, akaandika kitabu. Wiki mbili baada ya kukimaliza, tairi la mbele la Ford Zephyr yake lilipasuka karibu na daraja la Chiswick, gari likavuka upande wa pili wa barabara na kupinduka naye ndani. Angekufa siku ile, angehukumiwa kuwa alijitakia.

Nilikielewa kitabu hicho barabarani kabla sijakielewa kwenye karatasi. Jioni moja nikiwa kwenye daladala Barabara ya Mandela, bodaboda ilikuwa imeingia chini ya lori muda mfupi kabla hatujafika. Kiatu kimoja cha kijana kilikuwa katikati ya barabara, kimesimama wima kana kwamba kimepangwa. Abiria wote wa upande wangu waliinuka, na simu zilitangulia kutoka dirishani kabla hata ya mtu kusema "masikini". Mimi pia niliinuka. Sikuwa na simu mkononi, lakini niliutafuta mwili kwa macho, na nilipoukosa kwa sababu ya umati, nilichojisikia kwa sekunde moja kilikuwa kukosa kitu nilichokitaka. Hisia hiyo haikutoka kwenye kamera ya mtu yeyote. Wanaodai Crash inafundisha watu kupenda ajali hawajawahi kukaa dirishani kwenye foleni ya ajali. Ballard mwenyewe aliyumba kuhusu maana ya kitabu hicho: katika utangulizi wa toleo la Kifaransa la mwaka 1974 alisema ni onyo, miaka ya baadaye akaikana kauli hiyo na kukiita wimbo wa kichaa. Namwamini wa pili. Onyo lingetuacha tukiwa wasafi.

Lawama ninayoiona nzito haitoki kwenye kambi hizi mbili, nayo inanigusa kama msomaji wa huku. Ballard aliitumia Afrika mara mbili kwa urefu: The Crystal World ya mwaka 1966, ambamo msitu wa Kameruni unageuka fuwele, na The Day of Creation ya mwaka 1987, ambamo daktari Mwingereza, Mallory, anaamini ameuumba mto ukingoni mwa Sahara. Katika hicho cha pili mkuu wa polisi wa eneo anaitwa Kapteni Kagwa na kiongozi wa waasi anaitwa Jenerali Harare. Msomaji wa Kampala anacheka kwa uchungu: jina la Kiganda, la Apolo Kagwa aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, limetupwa maelfu ya kilomita hadi jangwani, na mji mkuu wa Zimbabwe umegeuzwa jina la mtu. Mwandishi aliyeweza kutaja saa na tarehe ambayo Maitland aliacha barabara ya Westway hakujishughulisha kujua Waafrika wake wanatoka wapi. Watetezi wake hujibu kwamba hiyo ni Afrika ya ndotoni, na kwamba ndani ya kitabu kuna mtengeneza filamu wa televisheni anayeibuni Afrika kwa ajili ya watazamaji, kwa hiyo Ballard anaukejeli mtazamo huohuo. Nusu ya jibu naikubali. Nusu nyingine inakwama, kwa sababu ndoto za London alizipa anwani. Wanawake wake pia, mara nyingi, ni vioo vya kuwatazamia wanaume. Mtu anaweza kumpenda mwandishi na kumdai deni hili bila kulisamehe.

Haya yana uzito gani nje ya darasa la fasihi? Angalia jinsi tunavyobishana kuhusu teknolojia. Agosti 2023 bunge la Kenya lilipelekewa ombi la kuipiga marufuku TikTok kwa hoja ya maadili, na mjadala ule, kama mingi inayofanana nao kwetu Tanzania, ulienda kana kwamba video zile zilipigwa na wageni na kutazamwa na wageni. Kuhusu akili mnemba hofu yetu kubwa ni ya uasi: itaamka, itatukataa, itatutawala. Mashine za Ballard hazina uasi. Jengo la High-Rise linaanza kuoza kwa sababu wakazi wameacha kujali lifti na mabomba, wakiwa na mambo matamu zaidi ya kufanya. Programu inayomwandikia mwanafunzi insha yake usiku inamtii kwa ukamilifu, na inayomwambia mpweke maneno matamu inafanya kazi yake barabara. Maswali ambayo hayaulizwi ni kwa nini mwanafunzi yule alitaka insha bila kufikiri, nani alimfundisha kwamba karatasi iliyojaa ndiyo elimu, na kwa nini kuongea na kitu kisichoweza kutuchoka kumekuwa faraja kuliko kuongea na jirani.

Najua hatari ya hoja yangu, maana wenye kampuni wangeifurahia: watumiaji wanataka wenyewe, sisi tumejenga tu. Ballard hakuwaacha wapone hivyo. Anthony Royal, mmoja wa wasanifu wa jengo, anaishi ghorofa ya 40, juu ya kila mtu. Maegesho ya karibu na mlango ni ya watu wa juu. Wa chini wanatembea. Ramani ya jengo iligawa watu kabla hawajagombana. Aliyechora ngazi anajua nani atapanda kwa taabu, kama vile aliyechora programu inayokufungulia video nyingine kabla hujaamua anavyojua udhaifu wa kidole chako. Huyo mchoraji mdai haki, mtoze kodi, mwekee sheria, mpeleke mahakamani ikibidi. Nipo naye huyo anayedai. Ila Royal mwenyewe anashangaa kuona wakazi wanakwenda mbali kuliko mchoro wake ulivyowapeleka. Sheria itakayomshughulikia Royal peke yake itamkuta Laing bado yuko ghorofa ya 25, ametulia, mlango wake uko wazi.

Ballard alikataa nishani ya kifalme mwaka 2003, akafariki London tarehe 19 Aprili 2009, na karatasi zake, zikiwa na kurasa za mkono zilizofutwafutwa, zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza. Kamusi ya Collins ina neno lililotokana na jina lake, kwa maana ya usasa wa kutisha, majengo makiwa yaliyotengenezwa na binadamu, na jinsi teknolojia inavyoathiri akili. Mimi ningeongeza kwenye fasili hiyo jinsi akili inavyoiita teknolojia ije.

Mwisho wa High-Rise, Laing amemaliza kula. Jioni inaingia. Mita mia chache mbele yake kuna jengo jingine la aina ileile, jipya, lenye watu wa aina yake, na kwenye ghorofa mojawapo umeme umekatika. Anaona kurunzi zikitembea gizani, watu wanajaribu kujua wako wapi. Anawatazama kwa kuridhika, yuko tayari kuwakaribisha.